Mikoba Ibaki Mlangoni

Kila asubuhi Adventina alianza na madirisha. Alifungua kufuli la mlango mkubwa wa maktaba ya chuo, akaficha pochi yake chini ya kaunta, kisha akaenda upande wa mashariki kufungua dirisha moja baada ya jingine, ili ukungu wa Bugene uingie na harufu ya karatasi iliyolala ndani itoke. Akirudi aligeuza tarehe ya muhuri, akapangusa meza za kusomea, akapanga viti. Viti ndivyo alivyovichunga kuliko kitu kingine chochote. Kila kiti kilikuwa na mahali pake, na mwanafunzi aliyekiacha katikati ya njia alikuwa amemtegea mtu mtego, ingawa mwenyewe hakujua.

Asubuhi ile viti havikupangwa. Alikuwa amekwisha kugeuza muhuri, kitambaa cha vumbi kiko mkononi, alipoona kwamba kwenye kabati kando ya mlango, chini ya lile tangazo la siku zote, MIKOBA IBAKI MLANGONI, ulikuwa umebaki mkoba mmoja. Mkoba wa kitenge cha njano. Hakushtuka. Wanafunzi husahau vitu. Kuna aliyewahi kusahau kuku wa kufungwa miguu humo kabatini, na kuku akataga. Akaenda zake kufungua madirisha ya nyuma, yale ya upande wa magazeti ya zamani, ambayo aliyaacha mwisho kwa sababu bawaba zake ni ngumu.

Kwenye rafu ya mwisho aliona kwanza kandambili imelala ubavu. Kisha akaona mguu.

Alikuwa Placidia, wa mwaka wa pili, msichana mwembamba aliyesomea ualimu. Alikuwa ameegemea rafu, kichwa kimeinama, magazeti yametawanyika mapajani kama mtu aliyesinzia akisoma. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kola ya blauzi yake. Adventina alipiga magoti. Jambo la kwanza alilofanya, na baadaye alijiuliza sana kwa nini, ni kuivuta sketi ya yule msichana imfunike magoti. Kisha akamwita. "Placidia. We Placidia." Alimwita kwa sauti ya chini, sauti ya maktaba, kama anayeogopa kuwasumbua wasomaji, na ndani hamkuwa na msomaji hata mmoja. Shavu alilogusa lilikuwa la baridi.

Hospitali ilisema ni pumu. Pumu ilimbana jioni, kwenye vumbi la magazeti, akaishiwa pumzi na sauti. Alikuwa amepanga chumba peke yake hapo Bugene, kwa hiyo usiku ule hakuna aliyeuliza mbona hajarudi. Na walipoufungua mkoba wa kitenge walikuta daftari, kanga, ndizi mbili za kuiva, na kipulizio cha bluu, kile cha watu wenye pumu, kimejaa dawa.

Kuanzia siku hiyo hapakuwa na mwanafunzi aliyekubali kuacha mkoba mlangoni. Mtu alilichana lile tangazo katikati. Adventina hakulibandika tena.

*

Aliyefunga maktaba jioni ile alikuwa Mzee Alistides. Ndiye aliyefunga kila jioni, tangu maktaba ilipokuwa chumba kimoja chenye maboksi ya vitabu vya msaada ambavyo yeye mwenyewe aliviandika namba kwa mkono. Mgeni wa chuo akiletwa kuonyeshwa maktaba, alionyeshwa kwanza Mzee. Alikuwa mzee wa kanisa pia, mtu wa suti ya kahawia na maneno yaliyopimwa. Wanafunzi wapya walipofundishwa namna ya kutafuta kitabu, wakaonyeshwa kompyuta, wakaonyeshwa namba za rafu na mitihani ya miaka iliyopita, mwisho waliambiwa, "Na mkishindwa kabisa, muulizeni Mzee."

Utaratibu wa kufunga aliuweka yeye. Kengele inapigwa, watu wanatoka, kisha Mzee anapita kila njia kati ya rafu, ya kwanza mpaka ya mwisho, ahakikishe hakuna mtu. Akitoka, mlinzi wa mlangoni, Dastan, anatia kufuli.

Adventina alijua jambo ambalo wengine hawakulijua. Mzee haoni.

Alianza kulijua kidogo kidogo. "Hebu nisomee namba hiyo, mwanangu. Miwani nimeiacha nyumbani." Kesho yake miwani ilikuwa imeachwa nyumbani tena. Ikafika siku Mzee akasema maneno hayo hayo na miwani iko puani. Adventina hakucheka wala hakuuliza. Aliisoma namba. Babu yake huko Bweranyange alipofushwa na presha ya macho, na alikumbuka jinsi alivyokuwa akigeuza kichwa upande kama kuku anayetafuta punje. Ugonjwa ule hula macho kutoka pembeni. Mtu hubaki akiona kilicho mbele yake tu, kama anayechungulia kwenye mwanzi, na jua likipungua mwanzi wenyewe huzibwa.

Hawakuwahi kulizungumza. Mzee alibakiza muda mfupi astaafu, astaafu kwa heshima yake, na Adventina, ambaye kila alichojua kuhusu vitabu alikipata kwa huyu mzee, aliona si vibaya kumbebea. Kati yao ikazaliwa kazi isiyo na jina. Alimsomea. Alipanga viti. Jioni alimtangulia kwenye zile njia, akijifanya ananyoosha vitabu, na akikuta kiti, ngazi au boksi limewekwa vibaya, alikohoa. Kikohozi kimoja, kidogo, cha adabu. Mzee akikisikia aligeuka na kupita njia nyingine. Wanafunzi, ambao huona vitu vidogo na kukosa vikubwa, walimpa Adventina jina. Walimwita Dada Kifua. "Dada Kifua, kunywa tangawizi," walimwambia wakirudisha vitabu, naye alitabasamu akitazama chini.

Jioni aliyokufa Placidia, Adventina hakuwepo. Binamu yake alikuwa karibu kuagwa kwa ajili ya harusi, na fundi wa Kayanga alimwita aende kujaribu sare. Alimwomba Mzee ruhusa mchana. "Nenda, mwanangu," Mzee alimwambia. "Nenda ukapendeze." Saa ya kengele ilipofika, Adventina alikuwa amesimama mbele ya kioo kwa fundi, mikono ameinua, wanacheka kwa sababu mkono mmoja wa gauni ulikuwa mrefu kuliko mwingine. Umeme ulikatika wakiwa bado wanacheka. Alikumbuka kwamba umeme ulikatika, na alikumbuka kwamba hakumfikiria Mzee.

*

Chuo kiliunda kamati. Ilikaa katika chumba cha mikutano cha maktaba, na mwenyekiti wake alikuwa Daktari Asiimwe, mkuu wa maktaba, mama asiyependa maneno mengi.

Dastan aliitwa kwanza. Alisimama na kofia yake mkononi ingawa aliambiwa akae.

"Mkoba uliuona?"

"Niliuona, mama. Nikamwambia Mzee, 'Mzee, kuna mkoba umebaki.' Akasema amepita, hakuna mtu, mwenyewe ataufuata kesho."

"Na wewe hukuingia kuangalia."

"Niingie kuangalia nini, mama? Mzee amesema amepita. Nikiingia si ni kumwambia mzee wa kanisa kwamba ni mwongo?"

"Ulitoka mlangoni jioni ile?"

Dastan akaizungusha kofia. "Nilikwenda kuchota maji ya kunawa. Nikarudi hapo hapo."

Wakatazamana. Ilionekana wazi jinsi kila mtu mezani alivyolishika jibu hilo, kama mtu anayezama anavyoshika tawi. Kumbe mlango uliachwa. Kumbe huyu binti aliweza kutoka na kurudi ndani baada ya Mzee kupita, na mlinzi hakumwona. Hapo kila kitu kilikaa sawa, na Mzee Alistides akabaki alivyo.

Mzee naye aliulizwa, kwa adabu, akiwa ameketi.

"Ulipita rafu zote, Mzee?"

Adventina, aliyekuwa kwenye kiti cha ukutani, aliona vidole vya Mzee vikipapasa ukingo wa meza, vikienda na kurudi. "Ndivyo nifanyavyo kila siku," Mzee alisema.

"Na habari ya mkoba?"

"Dastan aliniambia. Nami nilimjibu kama alivyosema."

Hawakumuuliza zaidi. Wakamgeukia Adventina, aliyemkuta marehemu, wakamuuliza kama ana la kuongeza. Alikuwa nalo. Alimtazama Mzee, na Mzee alikuwa ameelekeza uso dirishani, mahali palipokuwa na mwanga.

"Hapana," alisema.

"Sauti, dada," alisema katibu. "Sijakusikia."

"Hapana."

Ile ya pili ndiyo iliyomuuma.

Dastan alisimamishwa kazi. Kamati ilisema itakaa tena matanga yakishakwisha, itoe uamuzi, na mmoja wao alitaja polisi bila kuinua macho kwenye karatasi zake.

*

Adventina alikutana na Dastan sokoni Bugene, penye akina mama wauzao ndizi za kupika. Dastan alikuwa amebeba mkungu begani kwa ajili ya mtu mwingine. Aliutua alipomwona.

"Dada Kifua. Siku hizi hukohoi."

"Dastan, pole."

"Nimepoa. Nimepoa mpaka nimeganda." Alicheka, lakini jicho halikucheka. "Mama mtoto bado yuko ndani, hajamaliza hata mwezi. Majirani wanakuja kumwona mtoto, wanaangalia mlangoni kama mimi nipo, halafu wananong'ona. Juzi mmoja ameniuliza, 'Wewe Dastan, yule binti mlimfungia makusudi?' Makusudi! Mimi!"

"Usiwasikilize."

"Nisiwasikilize, niwaambie nini? Nikisema nilimwambia Mzee, wanasema nimekunywa orubisi nikachanganyikiwa. Nani atamwacha Mzee Alistides amsikilize Dastan?" Aliuinua mkungu nusu, akautua tena. "Wewe wangekusikia. Wewe kila jioni unapita naye. Jioni uliyokosa wewe, ndiyo jioni mtu amefia ndani. Mimi sijui kitu, dada. Nasema tu kwamba wewe unajua."

Muuza ndizi alikuwa ameacha kupanga vichane, anasikiliza. Adventina akashusha sauti.

"Nitazungumza naye," alisema.

"Zungumza naye kwa mdomo basi," alisema Dastan. "Si kwa kifua."

Alasiri hiyo alikwenda kwenye meza ya Mzee akiwa ameyapanga maneno. Alikuwa ameyapanga kama anavyopanga vitabu, hili kwanza, hili baadaye. Shikamoo, Mzee. Marahaba, mwanangu. Kisha Mzee akasukuma karatasi mbele yake kabla hajafungua kinywa tena.

"Hebu nisomee hii. Miwani nimeiacha nyumbani."

Miwani ilikuwa mfukoni, kijiti chake kimoja kinachungulia. Adventina alisoma. Ofisi ya Daktari Asiimwe ilikuwa inawaarifu kwamba watakwenda Chonyonyo, nyumbani kwa marehemu, kuhani kwa niaba ya maktaba: yeye mwenyewe, Mzee Alistides, na Adventina.

"Vizuri," Mzee alisema. "Utakuwa karibu nami."

"Ndiyo, Mzee."

Hakuondoka. Mzee naye alijua kwamba hajaondoka. Walikaa hivyo, mmoja amesimama, mwingine ameketi, na nyuma yao mwanafunzi akawa anagonga muhuri mwenyewe kwa kuwa kaunta haikuwa na mtu.

"Adventina. Jioni ile."

"Naam, Mzee."

"Ulirudi?"

"Nirudi wapi, Mzee?"

"Hapa. Baada ya kwenda kwa fundi. Labda ulisahau kitu, ukarudi."

"Hapana, Mzee. Sikurudi. Nilitoka Kayanga nikaenda moja kwa moja nyumbani."

Uso wa Mzee ulibadilika. Adventina hakujua aliona nini hapo. Alidhani ni uchovu. Uzee wote ambao suti ile ilikuwa inaushikilia uliteremka mara moja, kama ukuta wa tope uliopata mvua.

"Aa," Mzee alisema. "Nauliza tu. Gauni lilikaa vizuri?"

"Lilikaa vizuri, Mzee."

Akarudi kwenye kaunta na maneno yake yote aliyoyapanga.

*

Chonyonyo hakuna aliyeshika jembe. Kahawa iliyoanikwa kwenye mikeka ilikuwa imekunjiwa humo humo, na kwenye migomba majani makavu yalining'inia bila mtu wa kuyakata. Nyumba ya akina Placidia ilikuwa nyumba ya tofali yenye madirisha madogo. Kaburi lilikuwa pale pale kando, udongo wake mwekundu bado una alama za koleo.

Gari la chuo liliposimama, Mwesiga, baba mdogo wa marehemu, ndiye aliyetoka kuwapokea. Baba mwenyewe alikwisha kufa miaka mingi iliyopita. Mwesiga alimshika Mzee Alistides mkono kwa mikono miwili, akamwongoza ndani kwa heshima, akamkalisha kwenye kiti kikubwa chenye mito, mbele ya wanaume wote. Daktari Asiimwe alipewa kiti upande wa pili, kando ya mchungaji. Adventina alikaa chini na wanawake, kwenye majani yaliyotandazwa sakafuni, mbali. Walikuwa wametoka kwenye jua kali kuingia kwenye kiza cha nyumba, naye mwenyewe alihitaji muda kabla ya kuziona nyuso. Alijua Mzee hangeziona kabisa.

Wakiwa hawajamaliza kusalimiana, bodaboda ikasimama nje. Aliyeshuka alikuwa Dastan, amevaa koti la kuazima lililompwaya mabegani. Alivua viatu, akainama kuingia. Mwesiga alinyanyuka.

"Wewe ndiye yule mlinzi?"

"Ndiyo, baba. Nimekuja kuhani."

"Ulikuwa unalinda nini?"

Dastan akaviokota viatu vyake.

"Kaa hapo hapo," Mwesiga alisema. "Mlangoni. Si ndipo ulipozoea?"

Watu wawili watatu walicheka kicheko kile cha msibani ambacho hakina furaha ndani yake. Dastan akachuchumaa kwenye kizingiti, nusu juani, nusu kivulini, viatu vyake mkononi. Hakuna aliyemsogezea hata gunia.

Mchungaji aliomba. Daktari Asiimwe alizungumza maneno machache, mazuri, akasema kwamba chuo kinachunguza na aliyezembea hataachwa, na Adventina aliona shingo za watu zikigeuka kuelekea mlangoni.

Kisha mama mwenyewe akatoka chumbani. Jina lake Yudesi. Kilio kilikuwa kimemaliza sauti yake. Akina mama walisema hajatamka neno tangu mazishi. Mkononi alikuwa na kikapu kidogo chenye kifuniko cha ncha ndefu, na kila mtu humo ndani alijua kuna nini: akamwani, kahawa ya kutafuna, iliyochemshwa na majani yenye harufu nzuri na kukaushwa. Mgeni hupewa kabla ya chakula na kabla ya maneno mazito. Ni punje mbili tatu tu, lakini anayezipokea amesema hana kinyongo na nyumba hii, na nyumba imesema haina kinyongo naye. Asiyezipokea amesema mengine.

Yudesi alianza kwa mkubwa wao. Alipiga magoti mbele ya Mzee Alistides, akafunua kikapu, akakiinua kwa mikono miwili, chini kidogo ya kifua cha Mzee, akainamisha kichwa. Akangoja.

Mzee alikuwa ameelekeza uso mlangoni, kwenye mwanga. Mikono yake ilikaa juu ya fimbo. Haikusogea.

Mwanzoni watu walidhani anaomba kimya kimya. Kisha mtu mmoja akasafisha koo, na benchi likalia. Yudesi hakuinua kichwa, lakini punje za kahawa zilianza kugongana kidogo ndani ya kikapu. Daktari Asiimwe alimtazama Mzee kwa mshangao. Mwesiga akasogea mbele ya kiti chake.

"Waitu, Mzee wetu," alisema polepole. "Kuna neno? Unatukataa?"

Mzee aligeuza kichwa kuelekea kwenye sauti, yaani upande usio na kikapu. "Nani amekataa?" alisema. "Sijakataa kitu, ndugu yangu." Na mikono bado iko juu ya fimbo.

Mnong'ono ukapita katika wanawake. Mama mmoja karibu na Adventina alisema kwa Kinyambo kwamba mtu mwenye damu mkononi hawezi kuchukua kahawa ya wafiwa, mkono wenyewe humkatalia.

Adventina alijua la kufanya. Mwili wake ulijua kabla yake. Pumzi ilikuwa imekwisha kupanda kifuani, na kikohozi kile kidogo cha adabu kilikuwa kimefika kooni. Kimoja tu. Mzee angekisikia, angejua kuna kitu mbele yake, angenyoosha mkono, angepapasa, angekipata kikapu, angecheka na kusema uzee, jamani. Wangemcheka kwa upendo. Wangekula kahawa. Na gari lingewarudisha Bugene, na kamati ingekaa, na Dastan angebaki kwenye kizingiti maisha yake yote.

Alimtazama Dastan. Dastan alikuwa anamtazama yeye, si Mzee.

Kikohozi kiliwasha mpaka machozi yakamtoka. Alikimeza. Kisha akasimama juu ya majani, mbele ya wanaume na mchungaji na mkuu wake wa kazi, na kwa sauti ambayo haikuwa ya maktaba akasema, "Mzee. Mama amepiga magoti mbele yako. Ameshika kahawa."

Mzee Alistides alionekana kama mtu aliyekuwa akishikilia mlango kwa bega siku nyingi, sasa ameambiwa kwa upole kwamba nyumba ilikwisha kuingiwa zamani. Aliilaza fimbo chini. Aliteremka kutoka kwenye kiti chenye mito, goti moja, kisha jingine, mpaka akawa chini kwenye majani usawa wa Yudesi, akanyoosha mikono hewani mbele yake. Mikono ilipita juu ya kikapu, ikapita kando, ikarudi, ikagusa vidole vya mama. Ikatulia hapo.

"Sikukataa kahawa yako, mama," alisema. "Sioni."

Yudesi akainua kichwa.

"Ni miaka sasa. Sikumwambia mtu. Huyu binti aliyesimama alijua, akanisitiri, kwa sababu mimi nilimwacha anisitiri. Nikikaribia kugonga kitu, yeye hukohoa, nami nageuka. Ndivyo tunavyofunga maktaba. Jioni ile umeme ulikatika. Nilikuwa karibu na rafu ya mwisho. Nikasikia kikohozi humo ndani, kidogo, kama cha kwake. Nilisahau kwamba nilimpa ruhusa. Nikasema moyoni, Adventina ananionya, kuna kiti."

Mlangoni Dastan alikuwa amesimama, viatu vimemdondoka.

"Dastan aliponiambia kuna mkoba, nikamwambia nimepita. Sikupita. Huyo mlinzi hana kosa, msimweke mlangoni." Mzee aliinamisha uso mpaka ukakaribia mikono ya yule mama. "Mtoto wako aliniita, mama. Aliniita kwa pumzi aliyobakiwa nayo, nami nikageuka nikaenda zangu."